Porsche 917: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Uhandisi na Ushindi Wake

Porsche 917 ni gari gani hasa?

Ni gari la mbio za masafa marefu lililoundwa Stuttgart, Ujerumani, kuanzia katikati ya mwaka 1968, likaonyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Geneva mwezi Machi 1969. Ndilo lililoipatia Porsche ushindi wake wa kwanza wa jumla katika Saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1970, baada ya kampuni hiyo kushiriki mbio hizo tangu 1951 ikiambulia ushindi katika madaraja ya injini ndogo tu. Mwaka 1971 lilishinda tena, safari hii kwa rekodi ya umbali iliyodumu karibu miaka arobaini. Wengi hulisifu kwa nguvu ya injini yake, na sifa hiyo ni ya haki, lakini nguvu ilikuwapo tangu siku ya kwanza, na siku hiyo ya kwanza gari lenyewe halikuwa likishika barabara. Kilicholiletea ushindi ni kazi ya kulituliza, na ndiyo maana majibu yaliyo hapa chini yanakaa zaidi kwenye mwaka 1969 kuliko kawaida ya wanaolisimulia.

Kwa nini Porsche, iliyozoea magari madogo, iliamua kuunda injini kubwa kiasi hicho?

Jibu liko katika kanuni. Kuanzia msimu wa 1968, shirikisho la kimataifa la mbio za magari liliwawekea waundaji wa magari ya majaribio (prototaipu, yaani magari ya mbio yasiyotakiwa kutengenezwa kwa idadi maalumu) kikomo cha lita 3, hatua iliyoyaondoa uwanjani magari ya Ford ya lita 7. Magari ya lita 5 yaliruhusiwa kwa sharti kwamba yawe yametengenezwa angalau 50, ili magari ya zamani kama Ford GT40 na Lola T70 yaendelee kujaza orodha ya washiriki. Baadaye idadi hiyo ilipunguzwa hadi 25. Waliopitisha uamuzi huo hawakutarajia kwamba kiwanda chochote kingethubutu kutengeneza magari 25 mapya kabisa ya mbio, yenye gharama kubwa namna ile, kwa ajili ya kutumia mwanya huo.

Ferdinand Piëch, mjukuu wa Ferdinand Porsche na mkuu wa idara ya maendeleo ya kiufundi, aliuona mwanya huo na kuutumia. Alikuwa na umri wa miaka 31. Alimkabidhi Hans Mezger kazi ya kubuni injini, naye Mezger hakuanza na karatasi tupu: alichukua vipimo vya silinda za 908, gari la mbio la Porsche la lita 3, kipenyo cha milimita 85 na mwendo wa pistoni wa milimita 66, akaongeza silinda kutoka nane hadi kumi na mbili. Kwa hesabu hiyo lita 3 zikawa lita 4.5, na sehemu nyingi zilizokwisha kujaribiwa katika mbio zikahamia katika injini mpya.

Je, ni kweli magari 25 yalipangwa mstari mmoja ili yahesabiwe?

Ni kweli. Wakaguzi wa shirikisho walipofika mara ya kwanza mwezi Machi 1969 walikuta magari machache tu yaliyokamilika, mengine yakiwa katika kuunganishwa, na vipuri vya kuyamalizia yaliyobaki vikiwa tayari. Porsche ilijieleza kwamba kuyaunganisha yote kisha kuyafungua tena kwa maandalizi ya mbio kungekuwa kupoteza muda, lakini wakaguzi hawakukubali. Kiwanda kikawakusanya wafanyakazi kutoka idara mbalimbali, hata wasiokuwa mafundi, na mwezi Aprili magari yote 25 yakasimama sambamba katika uwanja wa kiwanda cha Zuffenhausen, pua zote zikiwa zimeelekea upande mmoja. Piëch aliwakaribisha wakaguzi wachague lolote na kuliendesha. Hawakufanya hivyo, na kibali kikatolewa kuanzia tarehe 1 Mei 1969. Bei iliyotangazwa kwa wanunuzi ilikuwa maki 140,000 za Ujerumani Magharibi.

Injini yake ilifanya kazi vipi, na je, ni sahihi kuiita boksa?

Si sahihi, ingawa kosa hilo hurudiwa mara nyingi. Silinda zake kumi na mbili zimelala sita upande huu na sita upande ule, na kwa macho inafanana na injini za boksa ambazo Porsche inajulikana kwazo. Lakini katika boksa halisi kila konrodi, fimbo inayoshikwa na pistoni, ina shingo yake kwenye krankishafti, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, hivyo pistoni mbili zinazoelekeana husogea kwa pamoja kwenda nje na kwa pamoja kurudi ndani. Katika injini ya 917, konrodi mbili zinazoelekeana hushiriki shingo moja, kwa hiyo pistoni moja inapotoka nje mwenzake anaingia ndani. Kwa wahandisi hiyo ni injini ya V, yenye safu mbili za silinda zilizoachana kama herufi hiyo, iliyofunguliwa hadi nyuzi 180.

Tatizo kubwa la krankishafti ndefu ya silinda kumi na mbili ni kujipinda na kutikisika pale nguvu inapotolewa kwenye ncha yake. Mezger aliliepuka kwa kutoa nguvu katikati. Gia iliyo katikati ya krankishafti inazungusha shafti nyingine iliyo chini yake, nayo ndiyo inayopeleka nguvu kwenye klachi na giaboksi. Kwa mpango huo krankishafti inafanya kazi kama mbili fupi za silinda sita zilizokutana mgongo kwa mgongo, na mitikisiko iliyovunja injini nyingi ndefu za zama zile ikadhibitiwa. Hata shafti nne za kufungulia valvu huendeshwa kutoka hapo hapo katikati.

Injini ilipozwa kwa hewa. Feni kubwa iliyolala juu yake, ambayo ndiyo alama ya kwanza mtu anayoiona boneti ya nyuma inapofunguliwa, ilisukuma hewa chini kwenye silinda huku ikila takriban nguvu 17 za farasi. Joto lililobaki lilibebwa na oili iliyozungushwa kwa wingi hadi kwenye rejeta yake mbele ya gari. Kila silinda ilikuwa na plagi mbili. Konrodi zilikuwa za titani na kasha la injini la magnesi. Toleo la kwanza lilitoa nguvu 520 za farasi hivi. Kufikia 1970 likapanda hadi karibu 580. Toleo la lita 4.9 likafikia 600, na lile la lita 5 la mwaka 1971 likafikia 630.

Uzito ulipunguzwaje?

Kanuni ilitaka gari lisiwe chini ya kilo 800, na Piëch alitaka kila gari liwe karibu na kiwango hicho iwezekanavyo. Chesisi ilikuwa ya mabomba ya alumini yaliyochomelewa, na uzito wake wote ulikuwa chini ya kilo 50, yaani mafundi wawili waliweza kuibeba bila taabu. Kwa kuwa mabomba membamba ya alumini hupata nyufa zisizoonekana kwa macho, yalijazwa hewa yenye shinikizo na kuwekewa geji. Shinikizo likishuka, fundi anajua kwamba mahali fulani pamepasuka. Bodi ilikuwa ya faibaglasi. Hata kirungu cha gia kilichongwa kwa mti mwepesi, kitu ambacho mtu anaweza kukiona leo katika magari yaliyohifadhiwa na kukishika kwa vidole viwili.

Kulikuwa na gharama ya binadamu katika uwepesi huo. Ili injini ndefu ienee bila kurefusha gari, dereva alisogezwa mbele mno, hata miguu yake ikakaa mbele ya mstari wa magurudumu ya mbele, ikikingwa na mabomba membamba na faibaglasi tu. Jambo hili lisisomwe kama pambo la kihandisi. Waliokubali kuketi pale kwa kasi ya zaidi ya kilomita 350 kwa saa walijua fika kilichokuwa mbele ya magoti yao.

Kwa nini madereva waliliogopa mwaka 1969?

Kwa sababu halikuenda lilikoelekezwa. Umbo la kwanza lilikuwa na mkia mrefu uliobuniwa kwa lengo moja, kupasua hewa kwa urahisi ili gari lipate mwendo mkubwa kwenye barabara iliyonyooka ya Hunaudières kule Le Mans. Lengo hilo lilifikiwa. Lakini katika kasi ile hewa iliunyanyua mkia badala ya kuukandamiza, na dereva akajikuta anatumia upana wote wa barabara kulisahihisha gari hata mahali pasipo na kona. Vipande vya nyuma vilivyosogea pamoja na springi vilisaidia kwa kiasi, navyo vikaingia katika mgogoro wa kanuni baada ya mabawa yanayosogea kupigwa marufuku mwaka huo huo.

Matukio ya msimu yanajieleza. Kule Spa, Ubelgiji, mwezi Mei, Jo Siffert alilijaribu katika mazoezi kisha akachagua kushindana na 908. Gari pekee la 917 lililoanza, la Gerhard Mitter na Udo Schütz, liliacha mbio karibu mara tu baada ya kuanza. Kule Nürburgring, David Piper na Frank Gardner waliitwa kuliendesha na wakamaliza nafasi ya nane. Le Mans ikaleta msiba: John Woolfe, Mwingereza aliyenunua gari lake binafsi, alifariki katika ajali kwenye mzunguko wa kwanza kabisa wa mbio. Vic Elford na Richard Attwood waliongoza kwa muda mrefu hadi zilipobaki saa tatu hivi, ndipo hitilafu ya upande wa klachi na giaboksi ikawatoa. Ushindi wa kwanza ulipatikana mwezi Agosti katika kilomita 1000 za Zeltweg, Austria, kwa mikono ya Siffert na Kurt Ahrens, lakini hata hapo gari lilikuwa bado ni la kupigana nalo.

Nini kilibadilika kule Zeltweg mwezi Oktoba 1969?

Hili ndilo swali lenye jibu zuri kuliko yote katika historia ya gari hili. Porsche ilikuwa imekubaliana na timu ya John Wyer, Mwingereza ambaye magari yake ya Ford GT40 yalikuwa yameshinda Le Mans mwaka 1968 na 1969, kwamba ndiyo itakayoshindana kwa niaba ya kiwanda katika msimu wa 1970, kwa rangi za bluu hafifu na chungwa za kampuni ya mafuta ya Gulf. Pande zote mbili zikakutana Zeltweg kwa majaribio. Wahandisi wa Porsche walidhani tatizo liko kwenye springi na mpangilio wa magurudumu. Walibadilisha hiki na kile, na gari likabaki vile vile. Jambo la kutatiza ni kwamba 917 lililo wazi, lisilo na paa, lililoandaliwa kwa mbio za Amerika Kaskazini, lilikuwapo pale pale likiwa na injini ile ile na lilikuwa na kasi zaidi kwenye mzunguko.

John Horsman, mhandisi wa timu ya Wyer, ndiye aliyetazama wadudu. Vijidudu vya msimu ule wa mapukutiko vilikuwa vimegonga na kugandamana sehemu ya mbele ya gari, kioo na kwingineko, lakini spoila za nyuma, vibamba vya kulikandamiza gari kwa hewa, zilikuwa safi. Maana yake ilikuwa wazi kwa aliyejua kuisoma: hewa haikuwa ikifika kwenye mkia kabisa, na spoila zilizowekwa pale hazikuwa na kazi. Horsman na mafundi wa timu walichukua karatasi za bati la alumini, skrubu, riveti na gundi ya utepe, wakajenga juu ya mkia wa zamani mkia mpya, mfupi, unaopanda kuelekea nyuma ili ukutane na hewa. Ulikuwa na sura mbaya na haukuwa na rangi. Brian Redman alitoka nalo, na badala ya kurudi baada ya mizunguko michache kama alivyozoea, aliendelea kuzunguka. Aliposimama alisema kwamba sasa lilikuwa gari la mbio. Muda wa mzunguko ulipungua kwa sekunde kadhaa ndani ya siku ile.

Kutokana na mabati yale likazaliwa umbo la 917K, herufi hiyo ikiwa ya neno la Kijerumani la mkia mfupi. Gari lilipoteza sehemu ya kasi yake katika barabara iliyonyooka, likapata kona zote zilizobaki. Mtu akiuliza ni nani aliyelifanya 917 lishinde, Mezger na Piëch wanastahili kutajwa, lakini jina la Horsman lisikosekane.

Mwaka 1970 lilishinda kiasi gani?

Kati ya mbio kumi za ubingwa wa dunia wa mwaka huo, 917 lilishinda saba. Mbili nyingine, Targa Florio na Nürburgring, ambako kona ni nyingi na barabara ni nyembamba, Porsche ilizishinda kwa gari dogo la 908/03. Ferrari, iliyokuwa imejibu kwa gari lake la 512S la lita 5, ilibakiwa na Sebring peke yake.

Mbio za Brands Hatch, mwezi Aprili, zinastahili kukumbukwa peke yake. Mvua ilikuwa kubwa. Pedro Rodríguez kutoka Mexico aliitwa kando kwa bendera nyeusi kwa kosa la kupita mahali pasiporuhusiwa, akaonywa, akarudi barabarani akiwa nyuma, kisha akaendesha kwenye maji yale kana kwamba barabara ni kavu. Yeye na Leo Kinnunen walishinda kwa tofauti ya mizunguko mitano. Hilo ni gari ambalo miezi kumi na moja nyuma lilikuwa likikataliwa na madereva.

Ni nani aliyeshinda Le Mans mwaka 1970?

Hans Herrmann na Richard Attwood, katika gari jekundu na jeupe namba 23 la timu ya Porsche Salzburg. Lilikuwa na injini ya lita 4.5, si ile mpya ya 4.9, na lilianza katika nafasi ya 15. Attwood ndiye aliyeomba injini ndogo na mkia mfupi, akiamini kwamba katika saa 24 uimara utalipa kuliko mwendo. Mvua ilinyesha kwa muda mrefu, washindani wakubwa wakaanguka mmoja baada ya mwingine, na mwishoni ni magari saba tu yaliyoorodheshwa kuwa yamemaliza. Kwa Herrmann ushindi huo ulikuwa na uzito wa pekee, kwa kuwa mwaka mmoja kabla alishindwa mbio hizo hizo na Jacky Ickx kwa umbali wa mita 120 hivi. Alistaafu mara baada ya ushindi, kama alivyomwahidi mke wake.

Rekodi ya mwaka 1971 ilikuwa ipi?

Helmut Marko na Gijs van Lennep walikwenda kilomita 5,335 katika saa 24, kwa wastani wa kilomita 222 kwa saa, ukihesabu na kusimama kote kwa petroli, matairi na kubadilishana madereva. Umbali huo haukuvukwa hadi mwaka 2010, wakati Audi ilipofanya hivyo. Ni kweli kwamba barabara ya Hunaudières iliwekewa vizuizi vya kona mwaka 1990, hivyo ulinganisho si wa moja kwa moja. Hata hivyo kulikuwa na mbio nyingi kati ya 1972 na 1989 zilizofanyika bila vizuizi hivyo na hakuna aliyeifikia.

Gari lao la mkia mfupi lilikuwa na chesisi ya magnesi badala ya alumini. Magnesi ni nyepesi zaidi, lakini ikishika moto haizimiki kirahisi. Uamuzi wa kuitumia kwa saa 24 unaweza kusifiwa kwa matokeo yake. Binafsi naona ulikuwa mzigo mzito mno kuwatwika madereva. Magari ya mkia mrefu ya mwaka huo, ambayo sasa yalikuwa yametulizwa, yalipita kilomita 380 kwa saa kwenye barabara iliyonyooka.

Je, 917 liliwahi kushindana Afrika?

Ndiyo, na lilishinda. Mwezi Novemba 1969, David Piper na Richard Attwood walishinda Saa 9 za Kyalami, Afrika Kusini. Wasomaji wa Kenya, Uganda na Tanzania wanaoikumbuka Porsche kwa mbio za Safari wanakumbuka gari jingine, 911, lililomaliza la pili mwaka 1972 likiwa na Sobiesław Zasada na tena mwaka 1974 likiwa na Björn Waldegård nyuma ya Joginder Singh.

Kwa nini halikuendelea baada ya 1971?

Magari ya lita 5 yaliondolewa katika ubingwa wa dunia kuanzia 1972. Porsche ikalipeleka 917 katika mbio za Can-Am za Marekani na Kanada, ambako injini haikuwa na kikomo, ikaifunga turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini ili kuongeza nguvu. Mwaka 1972 George Follmer alitwaa ubingwa kwa 917/10. Mwaka 1973 likaja 917/30 la lita 5.4, lenye nguvu za farasi zipatazo 1,100, na Mark Donohue akashinda mbio sita kati ya nane. Ugumu mkubwa wa turbo ulikuwa kuchelewa kwa nguvu baada ya dereva kukanyaga mafuta, na kazi ya Donohue pamoja na wahandisi wa Stuttgart ya kuipunguza kasoro hiyo ndiyo iliyofungua njia ya 911 Turbo ya barabarani, iliyoonyeshwa Paris mwaka 1974.

Linaweza kuonekana wapi leo?

Makumbusho ya Porsche yaliyopo Zuffenhausen yana magari kadhaa ya aina hii, likiwemo la kwanza kabisa, 917-001, ambalo limerudishwa katika umbo na rangi lilizokuwa nazo Geneva mwaka 1969, na lile la waridi la mwaka 1971 lililochorwa mistari ya vipande vya nyama ya nguruwe kama buchani. Atakayepata nafasi aanze na 917-001. Asimame nyuma yake na kuutazama mkia mrefu unavyoshuka, kisha aende kwenye gari lolote la mkia mfupi na kutazama unavyopanda. Tofauti ya Zeltweg inaonekana kwa macho, bila maelezo ya mtu.